Nyumba imeungua, deni halijaungua: mfanyabiashara wa Mbau na ombi la nafuu benki

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

Oktoba 2025 kampuni ya gesi na mafuta ya TotalEnergies ya Ufaransa iliiandikia barua serikali ya Msumbiji. Iliomba mambo mawili makubwa. La kwanza, gharama za ziada za dola bilioni 4.5 zitambuliwe, kwa sababu mradi wake wa gesi wa Afungi, wilayani Palma, ulisimama kwa zaidi ya miaka minne. La pili, iongezewe miaka 10 katika muda wa mkataba wake. Mwezi uliofuata kampuni hiyo ikatangaza kuondoa ile hali ya janga lisilozuilika iliyoitangaza tarehe 26 Aprili 2021, mwezi mmoja baada ya mji wa Palma kushambuliwa.

Kwa lugha ya sokoni, kampuni hiyo iliomba kuongezewa muda. Ilikuwa na mkataba, vita vikaja, kazi ikasimama. Ikafungua mkataba, ikakuta kifungu kinachoruhusu kusimamisha wajibu wake, ikakitumia. Hali ilipoanza kutulia ikarudi mezani kuzungumzia muda uliopotea. Hakuna aliyeiona kuwa ombaomba. Ndivyo wakubwa wanavyofanya biashara.

Sasa tuteremke kutoka Palma hadi Mocímboa da Praia, halafu tuelekee kusini hadi Mbau, moja ya tarafa za wilaya ya Mocímboa. Huko nako walikuwapo watu wenye mikataba. Wapo waliokopa kununua gari la kubeba samaki wakavu na nazi. Wapo waliokopa kujenga vyumba vya kupangisha mjini Mocímboa, wakitegemea wageni wa gesi. Wapo waliochukua mali ya jumla Mtwara kwa ahadi ya kulipa baada ya mauzo. Vita vilipofika, mikataba yao haikuwa na kifungu cha janga lisilozuilika, au kama kilikuwapo, hakuna aliyewaeleza. Biashara zao zilisimama vilevile, ila tarehe za kulipa ziliendelea kufika.

Makala haya yanachambua swali ambalo wafanyabiashara na wasafirishaji wengi wa ukanda huu wanaliona ni la aibu: namna ya kumwendea mkopeshaji na kumwambia, hali ni ngumu, nipe nafuu. Msimamo wetu tunautaja mapema. Ombi la nafuu ni sehemu ya biashara, na thamani yake inategemea zaidi siku uliyolipeleka kuliko ukubwa wa msiba uliokupata.

Safari ya Mbau kwa kifupi

Mashambulizi ya Cabo Delgado yalianza tarehe 5 Oktoba 2017 kwa kuvamiwa vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikapiga pwani ya mkoa huohuo na kuharibu nyumba na mashamba. Tarehe 23 Machi 2020 wapiganaji waliingia Mocímboa na kuushika mji kwa saa kadhaa. Agosti mwaka huo wakauteka kabisa, na wakaukalia kwa karibu mwaka mzima. Majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliukomboa mji tarehe 8 Agosti 2021, na kabla mwezi huo haujaisha yakaingia Mbau, iliyokuwa imegeuzwa ngome ya wapiganaji.

Wakazi walitawanyika Pemba, Mueda, Montepuez, Nampula na hata ng'ambo ya mto Ruvuma. Kufikia mwishoni mwa 2022, idadi ya waliohama makazi yao kaskazini mwa Msumbiji ilipita milioni 1. Wengi wamerudi tangu hapo, lakini kurudi hakukumaliza hofu. Septemba 2025 watu waliuawa ndani ya mji wa Mocímboa na familia nyingi zikafunga mizigo tena.

Kwa mfanyabiashara, historia hii ina maana moja kubwa. Hapa dhiki haiji mara moja ikaondoka. Mtu aliyekopa 2016 amepitia vita, kimbunga, Korona, kuhama, kurudi, na tena ghasia za baada ya uchaguzi wa Oktoba 2024 zilizofunga barabara sehemu nyingi za nchi. Nafuu ya miezi mitatu iliyotolewa kana kwamba mteja alivunjika mguu haimtoshi mtu wa aina hii.

Ardhi ya serikali, nyumba ya kwako

Kwanza tuweke sawa jambo la rehani yenyewe, kwa sababu wafanyabiashara wanaovuka mpaka hulichanganya. Nchini Msumbiji ardhi ni mali ya serikali. Katiba inasema hivyo, na sheria ya ardhi namba 19 ya mwaka 1997 inampa mwananchi haki ya kuitumia, ile inayojulikana kwa kifupi cha Kireno kama DUAT. Ardhi haiuzwi wala haiwekwi rehani. Kinachoweza kuwekwa rehani ni jengo na vitu vingine vilivyojengwa juu yake.

Tanzania nako ardhi ni ya umma, lakini mwenye hatimiliki anaweka rehani haki yake ya kumiliki, na thamani ya kiwanja huhesabiwa ndani yake. Kenya mtu anaweza kuwa na hati ya kudumu, na kiwanja chenyewe ndicho dhamana.

Tofauti hii huonekana ya wanasheria tu hadi siku moto unapowaka. Nyumba ya Mtwara ikiungua, benki bado inashika haki ya kiwanja. Nyumba ya Mocímboa ikiungua, benki inabaki na karatasi na kuta nyeusi. Dhamana imekwisha.

Je, deni nalo limekwisha? Hapana. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Rehani ni kivuli cha deni. Kivuli kikipotea, mtu bado yupo. Kanuni ya kiraia ya Msumbiji, iliyorithiwa kutoka Ureno, inasema kwamba dhamana ikiangamia pasipo kosa la mkopeshaji, mkopeshaji anaweza kudai iwekwe nyingine mahali pake, na asipopewa anaweza kudai deni lote mara moja. Kwa maneno mengine, moto ule ule uliochoma nyumba unaweza kulileta deni mbele kabla ya tarehe yake.

Wengine watasema, basi bima italipa. Tusome mkataba wa bima kabla ya kufurahi. Bima nyingi za kawaida za nyumba na magari huondoa vita, uasi na ugaidi katika mambo yanayolipwa, isipokuwa mteja amenunua kinga hiyo pembeni kwa bei yake. Na pale bima au serikali inapolipa fidia ya jengo lililowekwa rehani, benki ina haki ya kwanza juu ya fedha hizo kwa kiasi cha deni lake.

Mlango ulio wazi, na kufuli lake

Kanuni hiyohiyo ya kiraia ina mlango ambao wakopaji wachache wanaujua. Kifungu cha 437 kinasema kwamba mazingira yaliyowafanya pande mbili kuingia mkataba yakibadilika isivyo kawaida, na ikawa si haki kumshikilia aliyeumia kwa masharti yaleyale, huyo anaweza kuomba mkataba uvunjwe au masharti yarekebishwe kwa usawa. Vita vinavyofunga mji mzima ni mfano ambao mwanasheria yeyote anaweza kusimama nao mbele ya hakimu.

Lakini kifungu kinachofuata, cha 438, kinaweka kufuli. Mtu aliyekuwa tayari amechelewa kulipa wakati mazingira yanabadilika hana haki hiyo. Hebu tulisome tena kwa Kiswahili cha kawaida: kama ulikuwa na malimbikizo ya miezi miwili kabla ya vita kufika, vita haviwezi kuwa utetezi wako.

Kanuni za benki zinafuata njia ileile. Tarehe 22 Machi 2020 Benki Kuu ya Msumbiji ilitangaza hatua za kukabiliana na athari za Korona. Mojawapo iliziruhusu benki kupanga upya mikopo ya wateja walioathirika bila kulazimika kutenga fedha za ziada za kufidia hasara, hadi tarehe 31 Desemba 2020. Sharti lake lilikuwa kwamba mazungumzo yafanyike kabla ya mkopo kufikia tarehe yake ya kulipwa.

Tarehe 23 Machi 2020, siku iliyofuata, ndiyo siku Mocímboa ilipovamiwa.

Mwandishi hahitaji kuongeza chumvi hapa. Dirisha la nafuu lilifunguliwa kwa nchi nzima katika juma lilelile ambalo mfanyabiashara wa Mocímboa na Mbau alikuwa anakimbia na watoto mgongoni. Kufikia mwisho wa mwaka, dirisha lilipofungwa, mji wake ulikuwa mikononi mwa wapiganaji, tawi la benki limefungwa, na vitabu vyake vya mauzo vimebaki nyuma. Nafuu ilikuwapo, ila ilimtaka mteja awe na anuani, karatasi na nauli.

Kwa nini benki hukubali

Mtu akiingia benki na ombi, aelewe anayezungumza naye anahesabu nini. Mkopo usipolipwa kwa muda uliowekwa, unaingia kwenye kundi la mikopo chechefu. Hapo kanuni zinailazimisha benki kutenga fedha kutoka katika faida yake ili kufidia hasara inayotarajiwa. Kadiri ucheleweshaji unavyorefuka ndivyo tengo linavyokua. Kuuza dhamana nako kuna gharama: mahakama, dalali, mthamini, na mnunuzi ambaye katika mji uliotoka vitani huenda asipatikane kabisa.

Kwa hiyo benki ina sababu yake mwenyewe ya kutaka mkopo ubaki hai. Nguvu ya mkopaji katika mazungumzo iko hapo. Mkopo wako ungali mzima, una kitu cha kuuza: unaiepusha benki na tengo. Ukishakuwa chechefu, tengo limeshafanyika, afisa wa mikopo hana tena cha kuokoa, na faili lako limehamia kwa wanasheria.

Mazingira ya fedha nayo yana uzito. Riba elekezi ya Benki Kuu ya Msumbiji ilikaa asilimia 17.25 tangu Septemba 2022 hadi Januari 2024, ilipoanza kupunguzwa. Katika 2023 benki zilitakiwa kuweka Benki Kuu asilimia 39 ya amana za metikali, kiwango kilichoshushwa hadi asilimia 29 Januari 2025. Kufikia Septemba 2025 riba elekezi ilikuwa asilimia 9.75. Mwenye mkopo aliousaini wakati wa riba za juu ana sababu halali ya kuuliza: riba yangu inafuata soko, au imefungwa pale pale?

Hesabu kabla ya kusaini

Nafuu si msamaha. Kila aina ina bei yake, na bei hiyo haiandikwi mbele ya barua. Tuchukue mfano wa kubuni. Msafirishaji amebakiwa na deni la metikali 800,000, riba ni asilimia 24 kwa mwaka, na miezi iliyobaki ni 36. Rejesho lake la kila mwezi ni kama metikali 31,390, na mpaka mwisho atalipa takriban 1,130,000.

Njia ya kwanza: benki inampa miezi 6 ya kulipa riba tu. Kila mwezi analipa 16,000, halafu anarudi kwenye rejesho la zamani kwa miezi 36. Nafuu hiyo imemgharimu 96,000.

Njia ya pili: miezi 6 halipi chochote, lakini riba inaongezwa juu ya deni. Baada ya miezi hiyo deni limepanda hadi kama 900,900. Rejesho jipya ni 35,350 kwa mwezi kwa miezi 36. Gharama ya nafuu ni zaidi ya 142,000, na mzigo wa mwezi umekuwa mkubwa kuliko ule uliomshinda.

Njia ya tatu: muda unarefushwa kutoka miezi 36 hadi 60. Rejesho linashuka hadi 23,010. Anapumua kila mwezi kwa zaidi ya 8,000, lakini mpaka mwisho atakuwa amelipa kama 251,000 zaidi.

Njia ya nne: riba inashushwa hadi asilimia 18, muda unabaki uleule. Rejesho linakuwa 28,920, na anaokoa karibu 89,000.

Hakuna njia iliyo bora kwa wote. Mwenye gari lililosimama lakini barabara inatarajiwa kufunguka baada ya miezi michache, njia ya kwanza inamfaa kama ana kipato kingine cha kulipia riba. Aliyepoteza nusu ya wateja wake kwa muda mrefu, kurefusha muda ni ghali lakini kunamweka hai. Njia ya pili ndiyo hupendwa zaidi kwa sababu inaonekana ya bure, na ndiyo inayowarudisha watu benki baada ya mwaka wakiwa na deni kubwa kuliko lile la kwanza. Ya nne ni nadra kupewa, lakini asiyeiomba hapewi.

Ng'ambo ya Ruvuma

Biashara ya Mbau na Mocímboa haikomei ndani ya Msumbiji. Mali huvuka kwa jahazi kutoka Mtwara, kwa kivuko cha Kilambo na Namoto, na kwa Daraja la Umoja kati ya Mtambaswala na Negomano, lililofunguliwa Mei 2010. Wapo Watanzania walioweka rehani nyumba za Mtwara au Masasi, wakanunua mali, na mali ikateketea Cabo Delgado. Hao wanadaiwa chini ya sheria ya Tanzania, na ni muhimu wajue hatua zake.

Tanzania, mkopeshaji wa rehani lazima kwanza atoe notisi ya maandishi kwa aliyeshindwa kulipa. Tangu sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008, muda wa notisi hiyo ni siku 60. Zaidi ya hapo, nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani halali bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Kwa hiyo mke au mume ni mhusika, na katika mazungumzo ya kubadili masharti asiachwe nyumbani.

Kenya, sheria ya ardhi ya mwaka 2012 inampa mdaiwa aliyekosa kulipa notisi ya miezi mitatu, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuzwa, na inamtaka mkopeshaji apate bei nzuri inayowezekana wakati huo. Msafirishaji wa Mombasa ambaye lori lake limekwama kusini asidhani notisi ya kwanza ni mnada. Ni kengele. Siku hizo ndizo za kupeleka ombi.

Wakati wa Korona majirani hawa nao walifungua milango. Benki Kuu ya Kenya iliagiza Machi 2020 kwamba mikopo binafsi iliyokuwa haina malimbikizo kufikia tarehe 2 Machi 2020 iweze kuongezewa muda hadi mwaka mmoja, na gharama za kupanga upya zibebwe na benki zenyewe. Hatua hizo zilipokwisha Machi 2021, mikopo ya shilingi trilioni 1.7 ilikuwa imepangwa upya, sawa na asilimia 57 ya mikopo yote ya sekta ya benki. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Mei 2020 kwamba itazilegezea kanuni benki zitakazopanga upya mikopo, kila mteja kwa hali yake.

Angalia tena sharti la Kenya: asiye na malimbikizo. Nchi mbili tofauti, kanuni ileile. Na zaidi ya nusu ya mikopo ya nchi nzima kupangwa upya katika mwaka mmoja ni ushahidi kwamba aliyeomba nafuu hakuwa peke yake, wala hakuwa mtu aliyefilisika.

Ombi lenyewe

Baada ya yote hayo, mtu afanye nini? Tunayataja mambo ambayo yana uzito mezani.

Nenda kabla ya tarehe. Ukisikia barabara ya Macomia kwenda Awasse imefungwa na mzigo wako uko upande wa pili, usisubiri mwisho wa mwezi. Andika barua siku hiyo. Kama tawi lako limefungwa au umehama, peleka katika tawi lolote la benki hiyo, Pemba au Nampula, na ubaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mhuri huo ndio utakaothibitisha baadaye kwamba hukuwa umechelewa ulipoomba.

Peleka ushahidi, si malalamiko. Karatasi za forodha, taarifa ya polisi au ya uongozi wa eneo kuhusu mali iliyoteketea, picha, taarifa ya akaunti inayoonyesha mauzo kabla na baada. Kwa aliyekopa Tanzania au Kenya na kupata hasara Msumbiji, karatasi za mpakani ni muhimu maradufu, kwa sababu afisa wa Mtwara au Mombasa hakuuona moto huo.

Taja kiasi unachoweza kulipa. Barua inayosema "naomba mnifikirie" humwachia afisa kazi yote. Barua inayosema "naweza kulipa metikali 16,000 kwa miezi 6, na hizi ndizo hesabu zangu" inaweza kupelekwa kwenye kamati siku hiyohiyo. Na kiasi hicho ukianze kukilipa hata kabla ya kujibiwa.

Soma majibu kwa makini. Je, riba ya kipindi cha nafuu inaongezwa juu ya deni? Je, kuna ada ya kupanga upya? Je, wanataka dhamana mpya, nyumba ya mama yako Pemba au gari la ndugu yako? Kuongeza dhamana kwa deni la zamani ni kuhamishia hatari kwa familia nyingine. Na mdhamini wako anabaki katika masharti mapya au anaachwa? Aelezwe, asije kulisikia kwa dalali.

Usikubali kusaini kifungu kinachoipa benki haki ya kuichukua nyumba moja kwa moja ukishindwa kulipa. Kanuni ya kiraia ya Msumbiji inakihesabu kifungu cha namna hiyo kuwa batili. Rehani huuzwa kwa utaratibu wa sheria, na kinachozidi deni ni cha mwenye nyumba.

Ukikataliwa, omba kukataliwa kwa maandishi. Benki Kuu ya Msumbiji hupokea malalamiko ya wateja wa benki, na Benki Kuu ya Tanzania nayo ina dawati lake. Kumbuka pia kwamba mkopo unaoshindwa huingizwa katika kumbukumbu za mikopo za Benki Kuu, na benki ya pili utakayoiendea itaiona. Kukimbia deni kwa kuhamia benki nyingine hakufui dafu siku hizi.

Na mali kauli je?

Wapo watakaosema: mimi sina benki, deni langu liko kwa tajiri wa duka la jumla Mtwara. Mali kauli haina notisi ya siku 60 wala Benki Kuu. Ina heshima. Lakini hesabu yake ni ileile. Tajiri huyo naye anadaiwa na benki au na msambazaji wa Dar es Salaam. Ukimpigia simu siku mzigo ulipopotea, anaweza kwenda kujitetea kwa wanaomdai akiwa na wewe kama ushahidi. Ukizima simu miezi mitatu, umemfanya aonekane mwongo mbele yao.

Pwani yetu ina desturi ya kumpa muda aliye na dhiki, na dini inaihimiza. Desturi hiyo hata hivyo humlinda aliyejitokeza. Aliyejificha huitwa mwizi, hata kama nyumba yake kweli iliungua. Muda mkiukubaliana, uandikwe, pande zote mbili zisaini na shahidi awepo. Ndugu na jirani wengi wamegombana kwa makubaliano mazuri yaliyosemwa kwa mdomo.

Kinachobaki kwa wenye mamlaka

Wafanyabiashara wakifanya yote haya, bado kuna sehemu isiyo yao. Nafuu ya 2020 ilibuniwa kwa ugonjwa uliowakuta watu wakiwa nyumbani kwao. Vita huwatoa watu nyumbani. Kwa mikoa kama Cabo Delgado, utaratibu unaofaa ni ule unaoanza kazi wenyewe mara wilaya inapotangazwa kuwa ya dharura: tarehe za kulipa zinasimama, ucheleweshaji hauhesabiwi kuanzia siku hiyo, na mteja ana miezi kadhaa ya kujitokeza popote alipo. Haihitaji kumsamehe mtu hata senti moja. Inahitaji tu kukubali kwamba mtu anayekimbia risasi hawezi kuwahi foleni ya benki.

Mikataba mipya inaanza kusainiwa sasa kwa kuwa kazi za Afungi zimerudi. Wasafirishaji watakopa tena kununua malori, na wenye viwanja watakopa kujenga vyumba. Kabla ya kuweka saini, kila mmoja aulize swali moja ambalo kampuni kubwa ilikuwa na jibu lake tayari Aprili 2021: mapigano yakirudi, mkataba huu unasema nini? Kama hausemi kitu, ombeni kifungu kiongezwe siku hiyo, mkopeshaji akiwa bado anawahitaji kama wateja.

Wazee husema dawa ya deni ni kulipa. Ni kweli. Na asiyeweza kulipa leo, akaseme leo.